Kilima cha Baba Mkwe

Mpishi wa shule yetu alikuwa akiwapigia magoti watoto. Si wote, maana wengine aliwachapa kwa mwiko. Aliowapigia magoti ni wale walioitwa Mabula, na katika shule ya Wasukuma hao hawakosekani. Mwaka mmoja nilikuwa nao wanne darasani kwangu, mmoja wao mtundu wa kunizeesha kabla ya wakati. Foleni ya uji ikimfikisha mmoja wao mbele ya sufuria, yule mwanamke mwenye mvi hukunja goti, hushika kata kwa mikono miwili, humimina polepole na kusema, "Pokea, baba." Na yule mtundu hupokea kikombe chake huku kamasi zikimchuruzika.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nilipangiwa shule ile, upande wa Usagara, nikiwa nimetoka chuoni, na siku ya kwanza nilipoyaona yale magoti nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mpishi hakukasirika. Alinieleza siku hiyohiyo, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba baba mkwe wake aliitwa jina lile.

"Jina lipi?" nikauliza, kwa kumchokoza.

"Hilo unalolipigia kelele kila asubuhi na daftali lako."

Kwa desturi ya nyumbani kwao, jina la mkwe halitoki kinywani mwa mke wa mwanawe, awe hai au awe kaburini. Na yeyote anayelibeba jina hilo amebeba na heshima yake, hata akiwa na miaka saba na suruali iliyopasuka nyuma. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki siku nyingi. Mume wa Mpishi naye alikuwa amefariki. Lakini jina lilikuwa bado limekaa mlangoni mwa kinywa chake kama mlinzi, na sikuwahi kumsikia akilipita. Hata mvua, ambayo kwa Kisukuma inafanana na jina lile, aliitaja kwa Kiswahili tu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema Kiswahili ni lugha ya serikali, hakina mkwe.

Tulimwita Mpishi sote, kuanzia mwalimu mkuu hadi mlinzi, nami sitamtaja vinginevyo. Labda nami nimejifunza kwake kuogopa majina.

Jiko lake lilikuwa nyuma ya darasa la tatu, mabati matatu juu ya nguzo, limeelekea vilima. Vilikuwa vinne, vya mawe matupu yaliyopandana kama ilivyo milima yote ya Mwanza, na michongoma kidogo katikati. Ramani kubwa iliyobandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu iliviita, kuanzia kushoto, Shimba, Mbiti, Mhuli na Mabula. Simba, fisi, tembo, halafu hicho cha mwisho. Nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la tatu majina hayo kwa fimbo, Mhaya mimi, nikiwafundisha Wasukuma vilima vyao kutoka kwenye karatasi. Wazazi wao wengi nao walikuwa wageni kutoka Magu na Geita. Wenyeji wa chini ya vilima walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, wakapangwa kando ya barabara, na wazee wao wakaishia hukohuko mmoja mmoja.

Mpishi alibaki. Naye alikuwa na namna yake ya kuvitaja vilima. Shimba alikiita Shimba, Mbiti akakiita Mbiti. Kile cha mwisho kulia alikipita bila neno. Kile cha tatu, ambacho ramani ilikiita Mhuli, alikiita kilima cha baba. Hakukinyooshea kidole. Alikielekezea kiwiko, tena akiwa ametazama pembeni.

Niseme mapema, ili msomaji asibahatishe: baadaye tulijenga nyumba kwenye kilima hicho cha tatu, mimi na mume wangu. Na ninapowasimulia watu habari za Mpishi, ninasimulia habari za mtu aliyejua kitu kimoja ambacho kingetuokoa, akashindwa kukisema. Wengine huniuliza kama nimemsamehe. Siku nyingine nimemsamehe. Siku nyingine nikimkumbuka na kata yake mkononi, ninauma meno.

Kilichonishangaza kwake ni kwamba hakuna mtu niliyemjua aliyechukia uongo kama yeye. "Mwongo hawezi kupika," alikuwa akisema, "atakwambia maharage yameiva." Mwaka ambao wazazi walianza kuambiwa wachangie kila kitu, mtunza stoo mmoja alipunguza mahindi ya uji na kuandika kwamba panya wamekula. Mpishi alimfuata ofisini na debe tupu, akaligeuza juu ya meza, akasema, "Nionyeshe kinyesi cha hao panya." Alikuwa Mkatoliki wa kwenda kanisani kwa miguu kila Jumapili. Alimwogopa Mungu, alimwogopa na baba mkwe, na sina hakika nani alikuwa wa kwanza. Katekista wao aliitwa Mabula pia. Mpishi alimwita Mwalimu, na akimpa mkono aliinama mpaka mtandio ukagusa vumbi.

Tabia yake nyingine ilimuudhi sana mwalimu mkuu. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya kilima cha tatu, Mpishi hutoa kuni jikoni. Iwe saa nne, iwe saa tano, uji uwe umeiva au bado, anagawa, anagonga kifuniko cha sufuria na kuwaambia watoto wanaopita njia ya kule waende nyumbani sasa hivi. Mwalimu mkuu alimfokea zaidi ya mara moja kwamba shule haiendeshwi na sufuria.

"Wewe unalinda madaftali," Mpishi alimjibu mara moja. "Mimi nalinda wanaoandika."

Hata akiwa anachambua mchele wa walimu, macho yake yalikuwa yanakwenda kule. Tulimzoea. Mtu akikuonya kila mwaka na kila mwaka pasitokee kitu, onyo lake linakuwa kama saa ya ukutani, huisikii tena.

Hadithi ya ramani alinisimulia mwenyewe, akichambua mchele, bila kulazimishwa. Alikuwa ameolewa mwaka uleule ramani ilipochorwa. Wapima ramani walipiga kambi chini ya vilima, Mzungu mmoja na karani wake na darubini yao ya miguu mitatu, na yeye akachukuliwa kuwapikia. Siku moja, wanaume wote wakiwa mashambani, karani akaja jikoni na daftari. Akauliza vilima vinaitwaje. Mpishi akamtajia Shimba. Akamtajia Mbiti. Karani akanyoosha kalamu kwenye cha tatu.

"Nikanyamaza," alisema. "Akauliza tena. Kwa kawaida mtu akiniuliza vile, namwita wifi yangu anajibu, yeye ni binti wa mzee, mdomo wake uko huru. Siku ile wifi alikuwa ameenda ziwani kuchota maji. Karani anagonga daftali. Mzungu naye anakuja. Mwalimu, nilikuwa na miaka kumi na sita."

"Ukafanyaje?"

"Nikampa jina la kingine."

Alimpa Mhuli. Jioni karani akaenda kwa mwanangwa, kiongozi wa kijiji pale, akapewa majina yote manne kwa mpigo, Shimba, Mbiti, Mhuli, na la nne. Matatu alikuwa amekwisha kuyaweka mahali. Lililobaki akalibandika kwenye kilima kilichobaki, akafunga daftari, wakahamia kambi nyingine.

Nilicheka na siku ile pia. Niliona ni kisa kizuri cha kuwasimulia nyumbani Bukoba likizo. Mhaya hashindwi kuwacheka majirani. Sikuuliza jina lililokuwa limebaki ni lipi, na kwa nini alilikwepa. Ningeweza kuhesabu kwa vidole vinne tu. Nilikuwa na cheti cha ualimu wa hisabati.

Na alinisimulia habari ya baba mkwe mwenyewe, mara nyingine, kwa kituo chake. Mzee yule alizaliwa mwaka ambao kilima cha baba kilishuka. Ndivyo alivyosema: kilishuka. Mvua ilinyesha siku nyingi, mawe yakaachia, yakaja na matope hadi mbugani, yakafunika zizi zima na ng'ombe wakiwa ndani. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo akapewa jina la kilima kile. Tangu hapo hakuna aliyejenga chini yake. Watu walilima pale kiangazi, wakaondoka na majembe yao.

Basi ikaja miaka ya tisini, na kila kitu kikawa kinauzwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa kando ya ziwa, nyumba zikaanza kupanda juu ya miamba ya mjini kama mbuzi, na kokoto zikawa mali. Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wakampunguza pamoja na wenzake, wakampa kiinua mgongo na barua ya kumshukuru. Alikaa nyumbani miezi miwili akirekebisha bawaba za milango ambazo hazikuwa na tatizo. Ndipo tukasikia viwanja vinapimwa vilimani kwetu.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Afisa wa ardhi alikuwa kijana mwenye adabu, simsingizii. Alikuja na nakala ya ramani na jalada kuukuu lenye vumbi. Akatusomea kutoka kwenye jalada kwamba kilima cha Mabula kisijengwe kamwe, kwa kuwa mawe yake yana historia ya kuporomoka. "Serikali inajali usalama wenu," akasema. "Kwa hiyo cha Mabula hapana. Viwanja vyote vitakuwa Mhuli." Na akaelekeza rula yake kwenye ramani, halafu kwenye kilima cha tatu. Tukapiga makofi.

Mpishi alisimama. Alikuwa nyuma, na kanga yake ya jikoni. "Pale ni kwa baba," akasema. "Pale hapajengwi."

"Baba yupi, mama?" afisa akauliza. "Ana hati?"

Watu wakacheka. Akafungua kinywa, nikaona midomo yake ikijikusanya kutamka kitu, ikatetemeka, ikafumba. Akakaa. Wifi yake alikuwa amezikwa miaka miwili kabla. Watoto wake walikulia mjini, mzee wao wanamwita Babu, na vilima walifundishwa na walimu kama mimi.

Mume wangu alipenda kiwanja chetu kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akipenda kitu tangu apunguzwe. Kilikuwa juu kidogo, ziwa linaonekana kama kipande cha bati, na nyuma ya mahali pa nyumba kulikuwa na jiwe kubwa kuliko basi, limekaa juu ya mawe madogo. "Ukuta wa bure," alisema. Wagonga kokoto walikuwa wakichoma matairi chini ya mawe yale madogo, wakayamwagia maji ili yapasuke, wakayagonga na kuyauza kwa malori. Kila wiki lile kubwa lilikuwa na mto mwembamba zaidi wa kulalia.

Siku tuliyomaliza msingi Mpishi alikuja na kuku wa kutupongeza. Alisimama barabarani, chini kabisa. Nikamwita apande. Akakataa. Ikabidi nishuke mimi.

"Kalibu kwangu, wewe kwako siwezi," alisema, akanipa kuku. "Mke hakanyagi chumba cha baba mkwe. Mwalimu, hamisheni."

"Tuhamishe msingi?"

"Hiki sicho mnachokiita."

"Basi kinaitwaje?"

Akanielekezea kiwiko kilimani. Nikamuuliza tena. Kuku alikuwa ananipiga mabawa kifuani na jua linawaka. Nikamuuliza mara ya tatu, kwa sauti ninayoitumia kwa watoto.

"Angalia ninaowapigia goti," akasema.

Nilimsikia. Wallahi nilimsikia, ingawa mimi ni Mlutheri. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilifikiri ananiambia nijifunze heshima. Nikamwambia, "Mpishi, heshima si utumwa." Akasema, "Ndiyo, si utumwa," akaondoka. Jioni nilimsimulia mume wangu. Akasema vikongwe hawapendi kuona watu wanapiga hatua. Tukamla yule kuku.

Tuliishi pale masika mawili. Ya kwanza ukuta wa nyuma ulipata ufa mwembamba, mume wangu akauziba. Ya pili ufa ulirudi palepale, na chini ya jiwe kubwa pakatokea mstari wa udongo mbichi, mweusi, kama fizi jino linapolegea. Nilimwonyesha. Akaniambia udongo huo utafaa kwa mchicha. Huko shuleni Mpishi alikuwa amezeeka ghafla. Mawingu yakikusanyika alikuwa haishii kugonga kifuniko tena. Anasimama na kifuniko mkononi, ananitazama dirishani kwangu mpaka nainua macho.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ya tano ya mvua. Mimi na watoto tulikuwa tumeenda gulioni Usagara. Mume wangu alibaki kufunga mfereji wa bati. Tulisikia kishindo tukiwa bado na vikapu mikononi, kirefu, kama lori linalomwaga kokoto bila kumaliza. Muuza nyanya alisema ni radi.

Nyumba tatu zilikwenda. Mbili wenyewe hawakuwemo. Mume wangu tulimpata siku ya pili.

Kwenye matanga Mpishi alipika. Siku zote nne alipika, hakulala, hakuzungumza na mtu. Nilimwona akiwagawia waombolezaji, nikamwona mtoto mmoja wa darasa langu, yule Mabula mtundu, ameshika sahani, na Mpishi akakunja goti kwenye matope. Pokea, baba. Ndipo kila kitu kikaenda mahali pake. Magoti, kiwiko, jina la kingine, kilima cha baba. Nilikuwa nimeyajua yote kwa miaka kumi na moja. Alikuwa amelitaja kila asubuhi mbele ya macho yangu, kwa namna pekee aliyoiweza, na mimi nikacheka. Nilimchukia siku ile kwa nguvu zangu zote, kwa sababu kujichukia mwenyewe kulinishinda. Aliacha kazi mwezi uleule na mwanawe akamchukua mjini.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka mitatu baadaye. Sikwenda kwa mapenzi. Afisa yule wa ardhi alikuwa ameanza tena kugawa viwanja kwenye kilima kilekile, upande wa pili. Nilimfuata, nikamweleza habari ya karani na jikoni. Alinisikiliza vizuri. Akasema ramani haibadilishwi kwa maneno ya mgeni wa Bukoba. Nilete mwenyeji wa zamani, ataje jina kwa kinywa chake, aweke dole gumba, naye atasimamisha viwanja. Akanipa karatasi.

Mwanawe alikuwa amepanga Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, chumba chenye mlango wa bati, mapanki, mabaki ya sangara kutoka viwandani, yanakaangwa nje na inzi kila mahali. Mpishi alikuwa amelala kwenye mkeka. Alikuwa amekwisha, mikono tu ndiyo iliyobaki mikubwa.

"Shikamoo, Mpishi."

"Marahaba, Mwalimu. Nilijua utakuja siku moja. Nilifikiri utakuja kunitukana."

"Nimekuja na karatasi."

Nikamweleza. Familia sita zilikuwa zimeanza kuchimba misingi. Alisikiliza akiwa ametazama ukuta. Halafu akamwomba mkwe wake, mke wa mwanawe, atoke nje kidogo na afunge mlango. Yule binti akatoka kinyumenyume, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Mpishi akaniomba nimwinue. Alikuwa mwepesi kama kapu la pamba. Akajifunga mtandio kichwani, akaukaza, kama mtu anayekwenda kanisani.

"Kilima cha tatu," akasema, "kutoka kushoto."

Nikangoja. Midomo ikajikusanya vilevile kama siku ya mkutano, ikatetemeka.

"Mabula," akasema.

Sikuwahi kulisikia kwa sauti yake. Lilikuwa jina la kawaida, ninaloliita kila asubuhi. Alikuwa amefumba macho, mabega yameinuka hadi masikioni, kama mtu aliyerusha jiwe juu na anasubiri limrudie kichwani. Nami nilijikuta nimeshikilia mkeka. Tulingoja pamoja. Nje mafuta yalikuwa yanatatarika, mtu akacheka, redio ya jirani ikaendelea kuimba.

Akafumbua macho. Akatazama mlango, akatazama mikono yake, akanitazama mimi.

"Mabula," akasema tena, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu chumvi. "Mabula."

Nilichukua kidole chake, nikakipaka wino, nikakikandamiza kwenye karatasi. Alikiacha palepale hata nilipokwisha.

"Mwalimu," akasema, "hakuna kilichotokea."

Akaanza kulia, na sikujua jinsi ya kumnyamazisha.